Kwa Nini Kasongo Haigandi

Jambo la leo litasikika kama utani: kwa hesabu ya jua peke yake, Kasongo yetu ya Maniema ingepaswa kuwa nchi ya barafu. Maji ya mto Luama yangeganda, mpunga usingeota, na mchikichi usingejulikana kwetu. Hesabu hiyo ni fizikia ya kawaida inayofundishwa shuleni, na imepimwa na kujaribiwa kwa zaidi ya miaka 140. Nasi tunajua vizuri kwamba Kasongo haina barafu. Basi ama hesabu ni mbovu, ama kuna kitu ambacho haikukiingiza. Nitajaribu kuonyesha kwamba hesabu ni nzima, kwamba kilichoachwa nje ni hewa iliyo juu ya vichwa vyetu, na kwamba mtu akishakubali jambo hilo hana tena njia ya kukataa habari ya dunia kuzidi kupata joto, kwa sababu habari hizo mbili ni moja.

Tuanze na kanuni yenyewe. Kila kitu chenye joto hutoa mionzi, hata kama macho hayaioni. Watu wengi wa mashariki mwa Kongo waliliona jambo hili kwa vitendo wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020 kule Kivu ya Kaskazini na Ituri, na tena wakati wa Korona. Mhudumu wa afya alielekeza kifaa kwenye paji la uso wa msafiri bila kumgusa, akasoma joto la mwili papo hapo. Kifaa kile hupokea mionzi inayotoka kwenye ngozi, na kwa wingi wa mionzi hiyo hutambua joto. Mwaka 1879 Josef Stefan, mwanafizikia wa Vienna, alipata kanuni inayounganisha joto la kitu na wingi wa mionzi yake, na mwaka 1884 Ludwig Boltzmann, aliyekuwa mwanafunzi wake, akaonyesha kwa hoja kwa nini lazima iwe hivyo. Tukihesabu joto kuanzia sifuri kamili, ambayo iko digrii 273 chini ya baridi ya kugandisha maji, kitu kikipata joto maradufu hutoa mionzi mara 16. Ndiyo maana kitu kinachopigwa na jua kila siku hakiendelei kupata joto bila mwisho. Kadiri kinavyopanda ndivyo kinavyotoa zaidi, mpaka kinachotoka kilingane na kinachoingia, na hapo kinatulia.

Sasa tuipime dunia kwa kanuni hiyo. Huko juu kabisa, kabla ya kugusa hewa, jua linaleta wati 1361 kwa kila mita ya mraba inayolielekea moja kwa moja. Wati ni kipimo kile kile mnachokisoma nyuma ya paneli ya sola. Lakini dunia ni mviringo: nusu yake iko gizani wakati wote, na sehemu kubwa ya nusu nyingine hupigwa na jua kwa mshazari. Mwanga huo ukigawanywa juu ya uso wote wa dunia, kila mita ya mraba inapata robo, yaani wati 340. Katika hizo, karibu asilimia 30 hurudishwa angani na mawingu, barafu, mchanga wa majangwa na hewa yenyewe. Zinabaki wati 240 zinazomezwa na dunia. Tukiuliza ni joto gani linalotoa wati 240 kwa mita ya mraba, kanuni ya Stefan na Boltzmann inajibu: digrii 18 chini ya sifuri. Wastani halisi wa uso wa dunia ni karibu digrii 15 juu ya sifuri. Pengo ni digrii 33, na hilo ndilo linalotafutiwa maelezo.

Mtu wa Maniema anaweza kusema kwamba wastani wa dunia umechanganya na theluji ya Urusi na barafu ya Antaktika, na kwamba sisi tulio karibu na ikweta jua letu ni kali. Ana haki ya kusema hivyo, basi tufanye hesabu ya kwetu. Kasongo na Kabambare ziko kati ya nyuzi 4 na 5 kusini mwa ikweta. Katika ukanda huo, wastani wa mwaka mzima, usiku na mchana, ni karibu wati 415 kwa mita ya mraba juu ya hewa. Tukitoa asilimia 30 ile ile zinabaki wati 290, na joto linalolingana nazo ni digrii 6 chini ya sifuri. Hata hapo tumejipendelea, kwa kuwa nchi za ukanda wetu hazibaki na joto lao lote: pepo na mikondo ya bahari huchukua sehemu yake na kuipeleka kaskazini na kusini kwenye nchi za baridi. Hesabu ya haki ingetushusha zaidi. Nasi tunaishi kwenye wastani wa digrii ishirini na kitu. Kwa hiyo ukali wa jua la ikweta hauondoi fumbo. Pengo letu linakaribiana na la dunia nzima.

Msikilizaji makini atashika ile asilimia 30 na kuuliza: je, kama imekosewa? Mawingu ni sehemu ya hewa, na kama tunaiondoa hewa inabidi tuyaondoe na mawingu. Swali ni zuri, na jibu lake linaimarisha hoja. Tuseme dunia ni nyeusi kabisa, inameza kila wati ya jua bila kurudisha hata moja. Hapo inapata wati 340 zote, na joto lake linakuwa digrii 5. Bado ni digrii 10 chini ya joto tunaloliona. Hakuna rangi yoyote ya ardhi inayoweza kuziba pengo hilo. Wengine huuliza kama ni halali kuchukua wastani wa tufe zima kana kwamba mchana na usiku, ikweta na ncha, vyote vina joto moja. Hilo nalo linatupeleka upande ule ule. Kwa kuwa mionzi huongezeka kwa kasi kubwa kadiri joto linavyopanda, sehemu za joto hupoteza nishati nyingi mno, na dunia yenye tofauti kubwa za joto huwa na wastani wa chini kuliko dunia yenye joto sawa kila mahali. Mwezi unatuthibitishia. Uko umbali ule ule kutoka kwenye jua, ardhi yake ni nyeusi zaidi kuliko yetu na inameza jua zaidi, lakini hauna hewa ya maana. Mchana wake unapita digrii 100 za joto, usiku wake unapita digrii 100 za baridi, na wastani wake uko chini sana kuliko wetu.

Wapo watakaotazama upande wa Goma na kusema kwamba joto linatoka chini. Nyiragongo iliyolipuka tarehe 22 Mei 2021 ilimwaga miamba iliyoyeyuka, na maji ya moto yanatoka ardhini sehemu nyingi za mashariki mwa nchi yetu; kwa nini basi tusiseme dunia inapashwa moto na tumbo lake? Ni kweli kwamba ndani ya dunia kuna moto mkubwa. Lakini mwamba hupitisha joto polepole sana. Kinachofika juu, ukichukua wastani wa mabara na bahari zote, hakifiki hata wati moja kwa mita ya mraba. Ni karibu asilimia 9 ya wati moja. Liweke hilo mbele ya wati 240 za jua, utaona kwamba volkano inaweza kuunguza mtaa, lakini haiwezi kuipasha moto dunia. Kwa hiyo chanzo cha joto letu ni jua. Linalobaki ni kueleza kwa nini joto hilo likishaingia haliondoki kwa wepesi ambao hesabu inautarajia.

Mfaransa Joseph Fourier aliliona fumbo hili mwaka 1824, akasema lazima hewa inapitisha mwanga wa jua kwa urahisi kuliko inavyopitisha joto linalotoka ardhini. Hakuwa na vipimo. Mwaka 1856 Eunice Foote wa Marekani aliweka mitungi ya kioo yenye hewa mbalimbali juani, akaona kwamba mtungi wenye hewa ukaa, ile ambayo shuleni huitwa dioksidi ya kaboni, ulipata joto kuliko mingine na ulichelewa kupoa. Mwaka 1859 John Tyndall, Muairishi aliyefanya kazi London, alitengeneza chombo cha kupima mionzi ya joto ikipita ndani ya hewa. Nitrojeni na oksijeni, ambazo pamoja ni karibu asilimia 99 ya hewa kavu, ziliacha mionzi ipite kana kwamba hazipo. Mvuke wa maji na hewa ukaa viliizuia. Leo sababu inajulikana. Molekuli ya nitrojeni au ya oksijeni ina atomu mbili zinazofanana, na mtikisiko wake hauwezi kushika mionzi hiyo. Molekuli ya maji au ya hewa ukaa ina atomu tatu za aina mbili tofauti, hupinda na kujinyoosha, na kwa mitikisiko hiyo humeza mionzi ya joto na kuitoa tena kila upande, juu na chini.

Tazama sasa hesabu inavyofunga. Ardhi yenye digrii 15 hutoa mionzi ya wati zinazokaribia 400 kwa kila mita ya mraba. Satelaiti zinazotazama dunia kutoka nje huona wati 240 tu zikiondoka. Zilizobaki zimeshikwa njiani. Hewa iliyozishika nayo ina joto, kwa hiyo inatoa mionzi yake, na sehemu kubwa inarudi chini. Vyombo vinavyotazama anga kutoka ardhini, vikiwemo vya Tamanrasset katika jangwa la Aljeria, vinaipima mionzi hiyo usiku na mchana. Wastani wake kwa dunia nzima ni karibu wati 340. Jua lenyewe, likishachujwa na mawingu na hewa, huipa ardhi karibu wati 160. Maana yake ni kwamba ardhi hupokea kutoka hewani zaidi ya mara mbili ya kile inachopokea moja kwa moja kutoka kwenye jua. Jumla ni wati 500 zinazoingia. Karibu 400 zinatoka kwa mionzi, karibu 80 zinabebwa na maji yanayogeuka mvuke, na karibu 20 zinachukuliwa na hewa moto inayopaa. Kinachoingia na kinachotoka vinalingana. Fizikia ya Stefan na Boltzmann haikukosea hata kidogo. Dunia inatoa nje zile wati 240 kama ilivyotabiriwa, ila haitoi kutoka ardhini. Inazitoa kwa wastani kutoka juu hewani, kwenye kimo cha karibu kilomita 5, ambako joto ni digrii 18 chini ya sifuri. Kutoka huko kushuka hadi ardhini joto linaongezeka kwa karibu digrii 6 na nusu kila kilomita. Zidisha kwa kilomita 5, utazipata zile digrii 33.

Ushahidi wa wazi kuliko wote umetoka angani. Satelaiti ya Marekani iitwayo Nimbus 4, iliyorushwa mwaka 1970, ilipima mionzi inayotoka duniani, rangi kwa rangi, katika zile rangi ambazo macho hayazioni. Ilipopita juu ya Sahara mchana, katika rangi ambazo hewa inaziachia njia iliona mionzi ya kitu chenye zaidi ya digrii 40, yaani mchanga wenyewe. Katika rangi zile hasa ambazo hewa ukaa inazimeza, iliona mionzi ya kitu chenye baridi ya digrii kama 50 chini ya sifuri. Hiyo ilikuwa hewa ya juu sana, iliyoficha mchanga usionekane. Mahali pale pale, saa ile ile, chombo kile kile. Kilichobadilika ni rangi ya mionzi tu. Mwenye nadharia nyingine yoyote ya joto la dunia anadaiwa maelezo ya upungufu huo wa mionzi, na hesabu ya hewa ukaa ndiyo inayoueleza.

Kwetu Maniema hatuhitaji satelaiti ili kupata dalili ya jambo hili. Usiku wa Kasongo hauna tofauti kubwa ya urefu kati ya Juni na Desemba, kwa kuwa tuko karibu na ikweta. Ni karibu saa 12, mwaka mzima. Hata hivyo katika usiku wa kiangazi, mwezi wa Juni na Julai, anga ikiwa safi na hewa kavu, baridi ya alfajiri huwafanya watu wakae karibu na moto. Katika majira ya mvua, mawingu yakiwa yametanda, usiku unabaki na joto hadi asubuhi. Kama ardhi ingepoa kwa kufuata urefu wa usiku pekee, misimu hiyo miwili ingefanana. Kinachoitofautisha zaidi ni kile kilicho juu: mvuke na mawingu yanarudisha mionzi ya joto chini, anga kavu inaiachia iende. Nasi tuna mvuke wa kutosha. Utafiti wa satelaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliiweka Kampene, katika teritwari ya Pangi hapa hapa Maniema, nafasi ya tatu duniani kwa wingi wa umeme wa radi, baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela na Kabare ya Kivu ya Kusini. Radi za namna hiyo hazipatikani bila hewa iliyobeba maji mengi.

Hapo huja pingamizi la waliosoma: kanuni ya joto inasema kitu cha baridi hakiwezi kukipasha moto kitu chenye joto zaidi, na hewa ya juu ni baridi kuliko ardhi, inawezekanaje basi iipashe moto? Jibu ni kwamba hewa haianzishi joto lolote. Joto ni la jua. Tukipima kinachopanda na kinachoshuka, bado ardhi inatoa mionzi mingi kwenda juu kuliko inayopokea kutoka juu, wati karibu 400 kwa 340, kwa hiyo mwendo wa jumla ni kutoka kwenye joto kwenda kwenye baridi, kama kanuni inavyotaka. Kinachobadilika ni kasi ya kupoteza. Ardhi ambayo ingepoteza wati 400 sasa inapoteza kwa mionzi tofauti ya 60 tu. Wingu la usiku ni baridi kuliko udongo ulio chini yake, na bado usiku wenye wingu hauwi baridi kama usiku wa anga safi. Anayekataa kwamba hewa baridi inaweza kuchelewesha ardhi isipoe anakataa kitu kinachotokea juu ya paa lake.

Pingamizi la pili ni la mgandamizo. Wengine husema: Goma na Bukavu ziko kwenye kimo cha karibu mita 1500, nazo ni baridi kuliko Kasongo iliyo chini zaidi. Kadiri unavyoshuka hewa inabanwa, na hewa iliyobanwa inapata joto; basi uzito wa hewa unatosha, hatuhitaji habari za hewa ukaa. Hoja hii ina nusu ya ukweli, na ndiyo maana inavutia. Uzito wa hewa kweli ndio unaopanga joto lipungue unapopanda mlima. Lakini haupangi joto hilo lianzie wapi. Anayejaza upepo kwenye tairi la baiskeli anajua kwamba pampu hupata moto wakati wa kusukuma. Akiliacha tairi hadi jioni linakuwa baridi, ingawa upepo bado umebanwa ndani yake. Kubana hutoa joto mara moja, na kukaa umebanwa hakutoi kitu. Hewa yetu ilishabanwa tangu zamani sana. Na zaidi ya hapo, hesabu ya nishati haiachii nafasi: kama hewa ingekuwa nitrojeni na oksijeni tupu, hata iwe nzito namna gani, ardhi yenye digrii 15 ingepeleka wati 400 moja kwa moja angani huku ikipokea zisizofika hata 340. Ingepoa, na ingeendelea kupoa mpaka mizani ikae sawa kwenye baridi.

Pingamizi la tatu ndilo linalosikika zaidi: hewa ukaa ni sehemu ndogo mno, zaidi kidogo ya molekuli 420 katika kila milioni, kitu kidogo hivyo kitafanya nini mbele ya mvuke wa maji uliojaa msituni kwetu? Kwanza tuangalie huo udogo. Hewa iliyo juu ya kila mita ya mraba usawa wa bahari ina uzito wa zaidi ya tani 10, na ndani yake kuna zaidi ya kilo 6 za hewa ukaa. Mionzi inayotoka ardhini lazima ipite katika kilo hizo zote. Zile tani nyingine hazihusiki, kwa kuwa Tyndall alishaonyesha kwamba zinaiacha ipite. Kuhusu mvuke, ni kweli kwamba ndio unaobeba sehemu kubwa ya kazi, karibu nusu, mawingu karibu robo, na hewa ukaa karibu moja ya tano. Lakini mvuke hauwezi kujisimamia. Hewa ikipoa, mvuke unageuka maji na kudondoka. Hewa ikipata joto, inaweza kubeba mvuke zaidi. Hewa ukaa haidondoki kama mvua. Ingeondolewa yote leo, hewa ingepoa, mvuke ungepungua, baridi ingezidi, na bahari zingeanza kuganda. Tena huko juu, kwenye kilomita kadhaa ambako mionzi ya mwisho inaiacha dunia, hewa ni kavu hata ikiwa chini yake kuna msitu wa Maniema. Huko mlangoni, hewa ukaa ina nafasi kubwa kuliko wingi wake unavyoonyesha.

Sayari jirani zinatupa jaribio ambalo hakuna maabara ingeweza kulifanya. Zuhura ina mawingu meupe yanayorudisha karibu robo tatu ya mwanga wa jua, hivyo inameza jua kidogo kuliko dunia yetu ingawa iko karibu zaidi na jua. Hewa yake nzito ni hewa ukaa karibu yote, na joto la ardhi yake linapita digrii 460. Mirihi nayo ina hewa ukaa karibu yote, lakini hewa yenyewe ni nyembamba, chini ya asilimia moja ya mgandamizo wa hapa, na inabaki kwenye baridi ya wastani wa digrii 60 hivi chini ya sifuri. Dunia iko katikati, kwa kipimo kinachoruhusu maji kubaki maji. Anayesema kipimo hicho ni kazi ya Muumba hapingani na fizikia. Fizikia inaeleza njia iliyotumika.

Na hapa ndipo hoja yangu inapofika. Kama hewa ukaa ni sehemu ya sababu ya digrii 33, kuiongeza lazima kuongeze digrii. Msweden Svante Arrhenius alilihesabu jambo hilo kwa mkono mwaka 1896, muda mrefu kabla ya siasa za tabianchi kuwapo. Kabla ya viwanda, hewa ukaa ilikuwa karibu molekuli 280 katika milioni. Charles Keeling alipoanza kuipima Hawaii mwaka 1958, ilikuwa 315. Leo imepita 420. Mwaka 2015 watafiti walichapisha vipimo vya miaka ya 2000 hadi 2010 kutoka Oklahoma na Alaska, wakionyesha mionzi inayorudishwa chini na hewa ukaa ikiongezeka, kama hesabu ilivyosema. Jua haliwezi kulaumiwa: satelaiti zimelipima tangu 1978 na hazikuona likizidi mwaka hadi mwaka. Isitoshe, jua lingekuwa sababu, hewa yote ingepata joto, ya chini na ya juu. Kilichopimwa ni kwamba ya chini inapata joto huku ile ya juu sana, kwenye makumi ya kilomita, inapoa. Hiyo ni alama ya hewa ukaa, na Syukuro Manabe aliitabiri katika miaka ya 1960, kazi iliyompatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2021. Ziwa Tanganyika, la jirani zetu wa Fizi na Kalemie, lina kumbukumbu yake kwenye tope la chini. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba maji ya juu ya ziwa hilo yalikuwa na joto ambalo halikuonekana kwa miaka 1500. Maji ya juu yakipata joto hayachanganyiki vizuri na ya chini yenye rutuba, na wavuvi wa ndagala ndio wanaolipa.

Najua wapo watakaosema joto la kwetu limeletwa na mashoka: misitu imekatwa kwa ajili ya mashamba na makala, ndiyo maana jua linaunguza. Hawakosei kuhusu shamba lao. Mti hupoza mahali ulipo kwa kuvuta maji ardhini na kuyatoa kama mvuke, na ukiondoka, udongo ule hupata joto zaidi. Tena mti uliochomwa unageuka hewa ukaa. Lakini kukata msitu wa Kabambare hakuwezi kueleza kwa nini bahari ya Pasifiki, ambako hakuna mti hata mmoja, nayo inapata joto. Sababu mbili zinaweza kuwapo kwa pamoja, na moja haiifuti nyingine. Vilevile ni haki kusema kwamba moshi wa viwanda na magari ya Kongo ni sehemu ndogo mno ya moshi wa dunia. Deni kubwa ni la wengine. Ila fizikia haiulizi moshi umetoka nchi gani. Hewa ukaa iliyotoka Ulaya, Marekani au China huchanganyika na kufika juu ya Kasongo sawasawa na juu ya Brussels.

Kwa hiyo uamuzi wangu ni huu. Mtu anaweza kubishana kuhusu nani alipe, nani aanze kupunguza, na sisi tupande nini. Hayo ni mambo ya haki na ya siasa, na yanahitaji mjadala. Lakini hawezi kukubali kwamba hewa ndiyo inayotuepusha na barafu, kisha akakataa kwamba hewa ile ile ikiongezewa nguvu itatuongezea joto. Nawaomba walimu wa fizikia wa Kasongo na Kabambare waiandike hesabu hii ubaoni mbele ya wanafunzi. Haihitaji maabara, inahitaji namba 1361, asilimia 30 na kanuni moja. Nawaomba shule na parokia zenye kipimajoto na chombo cha kupimia mvua ziandike kila siku, usiku na mchana, na kuyatunza madaftari. Huko Yangambi, mkoani Tshopo, kuna mnara wa mita 55 unaopima tangu 2020 jinsi msitu unavyobadilishana hewa ukaa na anga, lakini Yangambi iko mbali na mashamba yetu, na mvua ya vijiji vyetu vya Wamaza haiwezi kupimwa na mtu aliye Tshopo.